Nyumba Iliyovamia Bustani

Nchi hiyo haiko mbali wala haiko karibu. Ukiitafuta kwenye ramani utaikosa. Ukichoka kuitafuta ukakaa kitako upumzike, atatokea mtu akwambie hapo ulipokaa hapakaliwi bila kibali, na hapo ndipo utakapojua kuwa umeshafika. Watu wake ni wasikivu, serikali yake ina huruma, na sisi tunaosimulia hatuna ubaya na yeyote. Tunaeleza tu yaliyompata Mzee Athanasi Mkumbwa, kwa kuwa yalimpata mchana kweupe, watu wakiona.

Mzee Athanasi alikuwa mstaafu wa Idara ya Vipimo. Alikaa na mkewe, Bi Pelagia, mtaa wa Fanaka, kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, jiko na choo vikiwa uani. Huko uani ndiko ilikokuwa bustani. Tunaiita bustani kwa kuwa serikali inaiita bustani. Ilikuwa na tuta moja la mchicha, shina la mpilipili, na kamba ya kuanikia ambayo ukitundika shuka mbili, ya tatu husubiri zikauke.

Bi Pelagia alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule miaka mingi, mpaka kiharusi kilipomchukua miguu yote miwili. Tangu hapo dunia yake ilikuwa kitanda, dirisha, na kile kibustani alichokiona kupitia dirishani. Mchicha wake aliujua jani kwa jani, na kuku wa jirani akiingia alikuwa akimtaja kwa jina.

Kiongozi wa nchi hiyo haitwi rais. Huitwa Mlezi Mkuu, kwa sababu rais watu wanaweza kumbadilisha, lakini mlezi habadilishwi, hata akikupiga. Sasa mwaka huo Mlezi Mkuu alisafiri ng'ambo, na katika hoteli aliyofikia aliuona mwanzi umepandwa kwenye chungu, pembeni mwa ngazi. Ukampendeza. Aliporudi akatangaza Siku ya Ukijani, na kila nyumba ikapewa miche mitatu ya mmea ulioitwa Mwanzi wa Fahari. Kuupanda ilikuwa hiari, na asiyeupanda alikuwa akichukuliwa akaulizwe kwa nini hakuwa na hiari. Kuukata ilikuwa sawa na kumkata Mlezi Mkuu kidole. Wanasheria walibishana kidogo, kwa kuwa Mlezi Mkuu alikuwa na vidole kumi tu na miche ilikuwa milioni tatu, lakini sheria ilipita.

Miche ililetwa mtaani na Balozi Mapunda, kiongozi wa nyumba kumi, akiisukuma kwenye toroli. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi na daftari refu.

"Balozi," Mzee Athanasi alisema, akiitazama ile miche, "mwanzi huu ninaujua. Unatambaa. Hapa kwangu utatosha kweli?"

"Kwani bustani yako ina ukubwa gani, mzee?"

Mzee Athanasi akanyamaza. Akachukua jembe akaenda kupanda.

* * *

Alinyamaza kwa sababu hii. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mlezi Mkuu alisema katika hotuba kwamba kila mwananchi ana bustani ya hatua ishirini kwa ishirini. Watu walipiga makofi, kila mmoja akidhani anaongelewa mwingine. Baada ya hotuba, Idara ya Vipimo ikatumwa mitaani kwenda kuzipima hizo bustani zilizokwisha kutajwa.

Athanasi alipewa mitaa saba. Alipima kwa futikamba, kisha kwa miguu, kisha tena kwa futikamba. Fanaka, nyumba mia na kumi na mbili, hakuna iliyopata hatua tano. Akaandika alichokiona, akapeleka kwa mkuu wake.

Mkuu wake hakuwa mtu mkali. Alimkalisha, akamwagizia chai.

"Athanasi," akasema, "hotuba imeshatoka. Hotuba hairudi nyuma. Bustani ndizo zitakazoifuata."

"Lakini mzee, hazina pa kukulia. Kuna kuta."

"Basi wewe andika ishirini, mengine waachie wenye kuta."

Athanasi akaandika ishirini. Akaandika kwa mitaa yote saba, nyumba moja moja, yake ikiwemo, na chini ya kila karatasi akatia saini yake nzuri yenye mkia. Alipomweleza mkewe, Bi Pelagia alizima cherehani, akamtazama, kisha akaiwasha tena. Siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alimwambia, "Mimi nikikosea kiuno cha mtu, nguo haimwingii. Wewe kazi yako ni nzuri, Baba Generosa. Unakosea, na watu wote wanaingia."

* * *

Mwezi wa kwanza mianzi ilikuwa burudani. Ilisimama mitatu, myembamba, ikichezesha majani, na Bi Pelagia alisema inampa upepo. Balozi Mapunda alikuwa akija kila Alhamisi kuihesabu, akiandika namba kwa chaki kwenye kila shina.

Mwezi wa pili ikawa kumi na tisa. Mwanzi huenda chini kwa chini kama umbeya: unaukanyaga huku, unaibukia kule. Mchicha ulikosa jua ukafa. Mpilipili ukainama, ukanyauka, ukang'oka wenyewe. Mwezi wa tatu mianzi ikawa sitini na minne, na kamba ya kuanikia ikawa haionekani. Shina moja nene liliota mbele ya mlango wa choo, mlango ukawa haufunguki isipokuwa kiasi cha mkono. Mzee Athanasi, ambaye alikuwa mwembamba, alijipenyeza kwa ubavu. Bi Pelagia hakuweza kupenyezwa. Ikabidi awe anabebwa mgongoni, asubuhi na jioni, mpaka kwa jirani yao Bi Shamsa, mjane, akaombe choo.

Bi Shamsa hakuwahi kusema neno baya. Lakini mtu mzima akibebwa kwenda kuomba choo mbele ya macho ya mtaa, hahitaji kuambiwa neno baya. Bi Pelagia akaacha kunywa maji mchana. Akaacha na chai. Midomo yake ikakauka ikapasuka, na mumewe akimletea kikombe alikuwa akigeukia ukuta.

"Kunywa, Mama Generosa."

"Nikinywa utanibeba."

"Nitakubeba."

"Mgongo wako nausikia unavyolia. Niache."

Mzee Athanasi akaanza vita. Alichemsha maji akatia chumvi, akamimina kwenye mizizi. Wiki hiyo mianzi iliota kwa furaha kama iliyopewa mchuzi. Alichimba mtaro, jembe likakwama kwenye mizizi likavunjika mpini. Mwisho alifanya jambo la hatari: alichukua kisu cha jikoni akakata chipukizi moja, na kwa kuwa hakuwa na pa kulificha, akalimenya akalipika kwa nazi.

Bi Pelagia alitafuna, akameza kwa shida. Lilikuwa chungu.

"Baba Generosa, umenilisha nini?"

"Namba arobaini na moja."

Akatafuna tena polepole. "Yaani umenilisha ushahidi," akasema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule, wote wawili wakacheka, mpaka machozi yakamtoka Bi Pelagia, kisha akaendelea kutoa machozi bila kucheka.

Alhamisi Balozi Mapunda alihesabu mara tatu. "Arobaini, arobaini na mbili. Arobaini na moja iko wapi, mzee?"

"Sijaiona, Balozi."

Balozi akaandika kwenye daftari: *41, amesafiri.* Hilo lilikuwa jambo la utu, na tunalisema ili ijulikane kwamba katika nchi hiyo utu upo, ila hauna safu yake kwenye daftari.

* * *

Chipukizi la kwanza la ndani lilipasua sakafu chini ya kitanda cha Bi Pelagia. Aliamka asubuhi akasema kitanda kimeinuka upande wa kichwani. Mumewe akainama akachungulia, akaona ncha ya kijani, imechongoka kama msumari, imesukuma saruji ikatoka. Akaweka juu yake jiwe la kusagia. Siku ya pili jiwe lilikuwa limelala ubavu. Akasukuma kitanda pembeni. Siku ya tano ncha ya pili ikaota hapo pembeni. Chumba kilikuwa kidogo, na upande mwingine wa kukisogezea kitanda haukuwepo.

Akavaa koti lake la kazini, akaenda mjini kwenye Wizara ya Ukijani.

Zamani palikuwa na Ofisi ya Malalamiko. Lakini iligundulika kuwa ofisi hiyo ndiyo inayoleta malalamiko, maana kabla haijafunguliwa hakukuwa na faili hata moja. Ikafungwa, na chumba kilekile kikafunguliwa Ofisi ya Shukrani. Humo alikuwemo dada mmoja aliyeitwa Eustella, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Alimpa fomu. Kila mstari wa fomu ulikuwa umeshaanzwa: *Ninashukuru kwamba*.

"Mwanangu," Mzee Athanasi alisema, "mimi sikuja kushukuru. Mwanzi unaniua mke."

"Naelewa, baba. Andika hivyohivyo, ila anza na maneno yaliyopo."

Alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika: *Ninashukuru kwamba mwanzi umeziba choo chetu. Ninashukuru kwamba umepasua sakafu ya chumba. Ninashukuru kwamba uko chini ya kitanda cha mke wangu ambaye hawezi kusimama, na kila siku unapanda kidogo.*

Dada Eustella alisoma. Macho yake yakajaa maji, akapiga muhuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na lililetwa na Balozi Mapunda kwa toroli. Barua ilisema Wizara imeguswa na shukrani za Mzee Mkumbwa, ambazo ndizo nyingi kuliko zote zilizowahi kupokelewa kutoka nyumba moja, na kwamba kwa heshima hiyo anaongezewa miche mitatu.

"Samahani, mzee," Balozi alisema, akihema. "Mimi naleta tu."

* * *

Alirudi Wizarani mara nne. Mara ya nne alikaa sakafuni akasema hatoki. Hilo likawashtua, kwa kuwa sakafu ile ilikuwa imepigwa dawa asubuhi, na ili atoke wakaahidi kumpelekea mkaguzi.

Mkaguzi aliitwa Bwana Sanganya. Alikuwa kijana msomi, mwenye viatu safi, na alikuja bila futikamba. Alikuja na jalada. Mzee Athanasi alimwonyesha uani, ambako mtu hakuweza tena kuingia. Alimwonyesha choo. Alimwingiza chumbani, akamwinulia shuka, kijana akaona machipukizi manne yamesimama katikati ya miguu ya kitanda, moja limekwisha kutoboa godoro, hatua ndogo kutoka kwenye ubavu wa Bi Pelagia.

"Shikamoo, mama," Bwana Sanganya alisema.

"Marahaba, baba. Samahani siwezi kuinuka. Mwenzangu huyu wa chini ndiye anayeinuka."

Kijana alihuzunika kweli. Aliketi sebuleni, akafungua jalada, akasoma kwa makini.

"Hupimi?" Mzee Athanasi aliuliza.

"Pameshapimwa, mzee. Tazama. Bustani ya nyumba hii ni hatua ishirini kwa ishirini. Kutoka ukuta wa nyuma, ukihesabu hatua ishirini kuja huku, unapita jiko, unapita chumba, unapita sebule, unatokea barabarani. Mwanzi haujatoka nje ya bustani yake hata kidogo. Ni mmea wenye nidhamu." Akafunga jalada taratibu. "Nyumba ndiyo iliyovamia bustani."

"Mwanangu, jalada hilo ni la uongo. Saini hiyo ni ya kwangu."

"Ndiyo maana tunaiamini, mzee. Idara nzima inasema hapakuwa na mpimaji mwaminifu kama wewe."

"Nakwambia niliandika uongo."

Bwana Sanganya alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Ukisema hatua ishirini ni uongo, unasema hotuba ilikuwa nini?"

Hakungoja jibu. Aliomba samahani, akatoka, na msaidizi aliyemngoja nje akachovya brashi kwenye kopo akaandika X nyekundu ya kubomolewa ukutani, kubwa, kutoka dirishani hadi mlangoni. Tunaambiwa rangi hiyo ni ya hali ya juu na haifutiki kwa mvua.

* * *

Ilikuwa wiki ya tatu ya X Balozi Mapunda alipokuja na habari ambayo aliiita ya neema. Walikuwa wanakuja wageni wa Shirika la Vivuli Duniani, kuitunuku nchi nishani kwa sababu kila mwananchi wake ana bustani kubwa. Wangependa kuona bustani moja. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha hakuna iliyo ya kijani kama ya Mzee Mkumbwa.

"Naibu Waziri anataka wewe mwenyewe uipime mbele yao. Wewe ndiye uliyepima mwanzo. Uhesabu kwa sauti mpaka ishirini. Ukifika ishirini, X inafutwa siku hiyohiyo."

"Nitafikaje ishirini, Balozi? Kuna ukuta."

"Watafyeka njia nyembamba katikati, kwa kibali maalumu, uweze kupita. Hatua ni zako, mzee. Hakuna aliyesema lazima ziwe ndefu."

Njia ikafyekwa, upana wa bega. Mzee Athanasi akaanza mazoezi. Hatua za kawaida, nne. Hatua za mgonjwa, saba. Kisigino kwa kidole, kumi na mbili. Kufika ishirini ilibidi asimame mbele ya ukuta awe anainua mguu na kuuweka palepale, kama askari anayengoja amri. Dirisha lilikuwa limefunikwa na majani, lakini Bi Pelagia alisikia zile nyayo, akazihesabu.

"Unapiga gwaride?" alimuuliza mumewe alipoingia.

Akamweleza. Bi Pelagia alikuwa amelala kiubavu, kwa sababu upande wa pili wa godoro haukuwa wake tena.

"Ukisema ishirini?"

"Nyumba inabaki."

"Na huyu?" Akagusa lile chipukizi kwa kidole.

"Anabaki."

"Na ukisema nne?"

"Nyumba inakwenda. Labda na mimi."

Bi Pelagia alikuwa amekonda mpaka mikono yake ilionekana mirefu. "Nikimshonea mtoto sare ndogo," akasema, "itapasuka siku ya kwanza shuleni, wenzake watamcheka, mama yake atakuja kunitukana, na nitairekebisha. Ya kwako haikupasuka, Baba Generosa. Miaka kumi na mmoja. Imekuja kupasukia hapa kitandani."

"Niambie nifanye nini."

"Sikwambii. Nikikwambia, kesho utasema ni mimi. Wewe ndiye mpimaji."

Akaenda akakaa kwenye kizingiti, kichwa mikononi. Alitamani mtu yeyote amwamrishe. Kwa umri wake wote alikuwa ameamrishwa, na siku aliyoihitaji amri, hakuna aliyempa.

* * *

Siku yenyewe mtaa ulifagiliwa, mbwa wakafungwa, na X ikafunikwa kwa bendera. Naibu Waziri alikuja na wageni sita na mkalimani mmoja, mtu mwembamba aliyekuwa akijifuta jasho kabla hajasema kitu. Majirani walipanga madebe na ndoo wakapanda juu yake, wakachungulia kwa juu ya kuta. Bi Shamsa alikuwa juu ya ndoo ya unga.

Naibu Waziri alihutubia. "Wapo waliosema nchi hii ni ndogo. Sisi hatukubishana nao. Tulipanda. Leo mwananchi wetu akitaka kutoka mlango wa nyuma kwenda mwisho wa bustani yake, anaaga. Anaaga, mabibi na mabwana. Na mzee huyu, mpimaji wetu hodari, atawaonyesha jinsi anavyoaga."

Wakapiga makofi. Mzee Athanasi akasimama mlangoni pa nyuma, amevaa koti la kazini, mgongo kwa wageni waliosongamana sebuleni, uso kwenye ile njia nyembamba katikati ya mianzi.

"Moja," akasema, akapiga hatua. Hakuwa ameamua. Lakini mguu ulikwenda kwa urefu wake wa kawaida, ule wa miaka yote ya kazi. "Mbili. Tatu. Nne."

Pua yake ilikuwa mbele ya ukuta. Aliona ufa kwenye plasta na sisimizi wanaouingia.

"Endelea, mzee," Naibu Waziri alisema kwa upole. "Wageni wanasubiri."

Akainua mguu. Kutoka ndani, nyuma ya majani, alisikia Bi Pelagia anakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu asiyekunywa maji. Mguu ulikaa hewani. Kisha akaushusha palepale ulipotoka, akageuka.

"Nne," akasema. "Zimeisha. Ni nne. Zilikuwa nne tangu mwanzo, na aliyeandika ishirini ni mimi."

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akamgeukia mkalimani. Mkalimani akajifuta jasho, akamtazama Naibu Waziri, akasema maneno machache ya kwao. Wageni wote sita wakatabasamu, wakapiga makofi kwa nguvu.

"Amewaambia nini?" Mzee Athanasi aliuliza.

Akasema tena, kwa sauti, "Nimesema nne." Mkalimani akatafsiri tena, kirefu kidogo, na yule mama mwenye miwani akaweka mkono kifuani kwa kuguswa, akaja kumpa mkono mzee. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaupokea.

Lakini juu ya kuta hapakuwa na makofi. Huko hapakuhitajiwa mkalimani. Watu walishuka kwenye ndoo zao mmoja mmoja, polepole, kama watu walioona maiti.

* * *

Hawakumfunga. Serikali ina huruma, tulishasema. Bwana Sanganya alikuja na jalada, macho chini, akaeleza kwamba wageni wamethibitisha hatua ishirini, na mzee mwenyewe amekiri kuziona nne tu. Kwa hiyo hatua kumi na sita zimeibiwa, na kitu kilichokutwa kimesimama juu yake ni nyumba.

Tingatinga lilikuja Jumanne saa tatu asubuhi. Dereva alikuwa fundi sana. Aliangusha kuta zote na hakuchubua mwanzi hata mmoja. Majirani, bila kuitwa, walikuwa wameshatoa kitanda, cherehani, sufuria, na sanduku la nguo. Bi Pelagia walimtoa akiwa amekaa kwenye kiti, wanne, wamemwinua juu, naye aliangalia nyumba yake inavyokwenda bila kufumba macho. Gazeti la siku iliyofuata liliandika kwamba bustani ya mwananchi mmoja imekua zaidi ya mara mbili kwa asubuhi moja, na Mlezi Mkuu ametuma pongezi.

Bi Shamsa aliwapa stoo yake. Alitoa magunia, akafagia, akatandika mkeka. Bi Pelagia alilazwa kwenye kitanda chake, akaomba maji, akanywa kikombe kizima mbele ya mumewe, kwa sababu choo sasa kilikuwa mlango wa pili.

"Pana ukubwa gani humu?" akauliza, akitazama dari.

Mzee Athanasi akapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta. "Tatu kasoro."

"Tatu kasoro kweli?"

"Kweli."

"Basi tutatosha," akasema, akafumba macho.

Alasiri Balozi Mapunda alibisha hodi. Hakuwa na toroli wala daftari. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akihema.

"Mzee, naomba ukanipimie bustani yangu."

"Yako nilishaipima, Balozi. Iko kwenye jalada."

"Nipimie."

Wakaenda pamoja, nyumba ya nne kutoka pale. Mzee Athanasi alijipenyeza katikati ya mianzi, akahesabu, akarudi na majani kichwani. "Tatu na nusu."

Balozi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa na daktari jambo alilokwisha kulijua. "Nilidhani ni mtaa wetu tu," akasema. "Mama yangu yuko mtaa wa Mlimani. Huko nako ulipima?"

"Nilipima."

"Ngapi?"

"Mbili. Nyingine mbili na nusu."

Balozi akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, taratibu, mkono kwenye goti. "Kila nikimuuliza, mama ananiambia usihangaike mwanangu, mimi huku nina nafasi tele."

"Na wewe akikuuliza?"

Upepo ulipita, mianzi ya nyumba zote za Fanaka ikasuguana. Balozi Mapunda aliitazama yake, iliyokwisha kuinua mabati ya jiko.

"Namwambia ishirini," akasema.